Mdomo unaomhukumu aliyeanguka ndio unaomhusudu akiinuka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba makanisa yetu yamelegea. Anasema zamani binti akipata mimba nje ya ndoa alitengwa, watu wote wakajua, na hofu ile ikawalinda wenzake. Siku hizi, anasema, anakaa pembeni miezi michache kisha anarudi kwenye kwaya na kupigiwa vigelegele. Akamalizia kwa kusema kwamba baadhi yao wanarudi na fedha ambazo hakuna anayejua zilikotoka. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Barua ilianza na dhambi ikaishia kwenye mfuko wa mtu. Kama kinachomuuma ndugu yetu ni dhambi ya binti, fedha zake zimeingiaje humo?

Nadhani najua zilivyoingia, maana jambo hili nimeishi nalo jirani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama na bibi, mkazi wa Moshi Vijijini huku juu kwenye vihamba vya migomba, na kwa sasa ni mzee wa kanisa. Usharika wetu sitautaja wala mtu yeyote sitamtaja. Wanaohusika wakisoma watajijua, na inatosha wajijue wao.

Niseme mapema kwamba maadili siyapuuzi. Wajukuu zangu nataka waoe na kuolewa kwa heshima, na mtoto wa kike akija kwangu kuniuliza, namwambia asubiri. Marudi ya kanisa, yaani kumwadibisha aliyekosa, nayo siyapingi. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba mtu akighafilika katika kosa lolote, walio wa Roho wamrejeze upya kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake asije akajaribiwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo kumrejeza mtu ni amri. Ninachobishania ni namna tunavyofanya, na kinachokuwa mioyoni mwetu tunapofanya.

Mwaka 2019 binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani tu, alipata mimba. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Kijana aliyempa mimba alikuwa anaimba sauti ya nne kwenye kwaya hiyohiyo. Haikuwa siri. Mama wa binti alikwenda kwa mama wa kijana, wakaongea uani, na majirani wenye masikio walisikia kila kitu.

Binti aliitwa mbele ya wazee wa wakati ule. Akatolewa kwenye kwaya, akazuiwa kukaribia Meza ya Bwana, na Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwenye matangazo, baada ya ndoa zinazotangazwa na kabla ya kutajwa vitu vya mnada wa sadaka. Kijana hakuitwa. Jumapili hiyohiyo aliimba.

Mtoto alipozaliwa, ili abatizwe, mama yake alitakiwa kwanza asimame mbele ya usharika atubu. Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, mstari wa tatu. Alisimama amevaa gauni la kijani lililombana kifuani kwa maziwa, na maziwa yenyewe yalikuwa yameanza kulowesha kitambaa, kwa sababu ibada ilikuwa ndefu na kichanga kilikuwa mlangoni kinalia mikononi mwa shangazi yake. Kila alichoulizwa akajibu ndiyo. Sauti iliyokuwa inajaza kanisa zima wakati wa Pasaka siku hiyo hatukuisikia hata sisi wa mbele. Mama yake mzazi alikuwa ameinama, anakunja ncha ya kitenge na kuikunjua.

Baadaye yule kijana alifunga ndoa kanisani kwetu na binti wa usharika wa jirani. Harusi nzuri, kwaya iliimba, na somo lilikuwa 1 Wakorintho 13: upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu. Sura hiyo tumeizoea mno kwenye harusi, hata tumesahau ilipelekwa kwa nani. Paulo hakuwaandikia maharusi. Aliwaandikia washarika wa Korintho, watu waliokuwa wanagombania nani wa Paulo na nani wa Apolo, na katika barua hiyohiyo, sura ya tatu, amewaambia wazi kwamba kwao kuna husuda na fitina. Yaani yale maneno matamu ni dawa aliyoandikiwa mgonjwa aliyetajwa ugonjwa wake. Siku ile ya harusi, wagonjwa tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi na tukadhani anasomewa bwana harusi.

Kuhusu kijana kutoitwa, wapo watakaosema ndivyo mila ilivyo, mimba inaonekana tumboni mwa mwanamke. Ndivyo ilivyokuwa hata Yerusalemu. Yohana sura ya 8 inasimulia kwamba waandishi na Mafarisayo walimletea Bwana Yesu mwanamke aliyefumaniwa katika kuzini, wakamweka katikati. Amefumaniwa na nani? Torati waliyoitaja wenyewe, Walawi 20:10, inawataka wote wawili, mwanamume na mwanamke. Wao walileta mmoja. Bwana Yesu akainama akaandika kwa kidole katika nchi, kisha akawaambia asiye na dhambi awe wa kwanza kumtupia jiwe, wakatoka mmoja mmoja wakianza wazee. Sisi wazee wa kanisa tunapaswa kuusoma mstari huo polepole. Naye hakumwambia mwanamke kwamba hakuna kosa. Alimwambia, wala mimi sikuhukumu, enenda zako, wala usitende dhambi tena. Kumwacha huru kulitangulia, kumwonya kukafuata. Sisi tunaanza na kuonya, na mara nyingi hatufiki kwenye lile lingine.

Hapo ndipo msomaji mwenzangu angesema: lakini hofu ililinda. Nimekaa darasani maisha yangu yote ya kazi, na nimeona hofu inavyofanya. Mtoto anayeogopa fimbo hajifunzi hesabu, anajifunza kuficha daftari. Mabinti wetu waliomwona mwenzao amesimama pale mbele hawakutoka na usafi wa moyo. Walitoka wakijua kwamba jambo likiwapata wasimwambie mtu, na wengine tunajua wanakokwenda na vidonge wanavyomeza. Vijana wa kiume nao walitoka wakijua kwamba wakikana yamekwisha. Hata Serikali yetu imetembea njia hiyo ikageuka. Mwaka 2017 tulisikia hadharani, kutoka ngazi ya juu kabisa, kwamba mwanafunzi akishazaa harudi shuleni. Novemba 2021 ikatangazwa kwamba aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi kuendelea. Serikali haina Injili ya kuhubiri, na bado iliona kwamba binti wa miaka kumi na kitu hawezi kuhesabiwa amekwisha.

Sasa nirudi kwenye zile fedha.

Baada ya ubatizo ule, binti alimwacha mtoto kwa mama yake, akawa anashuka Moshi mjini kila siku kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja. Ada hakuwa nayo. Alilipa kwa kufagia, kutia vifungo na kupindia suruali za wateja. Alipoiva akarudi, akajiunga na kikundi cha VICOBA cha akina mama wa sokoni, akaweka hisa zake kidogokidogo, akakopa, akanunua cherehani ya miguu na kupanga fremu pale njia panda panaposimama bodaboda. Ana mkono mzuri. Anaangalia mshono kwenye simu, anakugeuza mara moja na futi kamba yake, na ukirudi kuchukua gauni lako la kitenge unalikuta limekaa kana kwamba ulizaliwa nalo. Wateja wakaanza kutoka hata vijiji vya juu.

Wale waliosema binti amejiharibu wakaanza kusema binti amepata. Amepata wapi? Wengine wakasema yuko mtu mzima mjini anamlipia pango. Wengine wakasema mganga. Wapo waliosema Freemason, neno ambalo huku kwetu halimkosi mtu yeyote aliyepaka rangi ukuta wa mbele. Hakuna aliyesema VICOBA, ingawa wengine wao wako kwenye kikundi hichohicho na walikuwepo siku alipohesabiwa mkopo wake mezani, noti kwa noti. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na kweli sababu hawakuihitaji.

Kwa wasiojua, huku kwetu asiye na fedha taslimu huleta sadaka ya shambani: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, debe la maharage. Baada ya ibada vinapigwa mnada nje, kinachopatikana kinaingia kanisani. Jumapili moja ulinadiwa mkungu wa mshare, mkubwa, umeshiba. Ukapanda hadi elfu kumi na mbili, ukakwama. Binti akasema elfu ishirini. Kabla mnadishaji hajarudia bei, mama mmoja akasema, wala hakunong'ona: "Na hizo leo ni za nani?" Watu wakacheka. Wengine waliinamisha vichwa, lakini walicheka. Binti akalipa, akaomba mkungu upelekwe kwa bibi mmoja mjane anayekaa karibu na kanisa, akamshika mwanawe mkono wakaenda zao. Mtoto alikuwa ameanza kujua maneno. Aligeuka nyuma akatuangalia.

Hayakuishia hapo. Kwaya ilipotaka sare mpya, mimi nilikuwa nimeshachaguliwa mzee. Nikapendekeza kazi apewe yule binti, kwa kuwa yupo hapa, anajua kushona, na bei yake ni nafuu. Hakuna aliyesema anashona vibaya. Kilichosemwa ni kwamba haifai kwaya ivae mikono ile. Sare zikashonwa mjini kwa bei ya juu, zikaja mabega yamepishana, wakazivaa hivyohivyo. Nilishindwa kwa kura, nami naheshimu kura. Lakini kwenye kikao kile nilisikia hoja mbili kutoka mdomo mmoja, na ndiyo sababu ya barua hii. Mtu yuleyule, katika dakika zilezile, alisema kwanza kwamba binti ni mwenye dhambi, kisha akasema, "Na isitoshe ameshapata vya kutosha." Nikajiuliza, kama tatizo ni dhambi yake, angekuwa maskini bado tungekuwa tunaizungumza?

Nilipofika nyumbani nilifungua Luka 15, habari ya mwana mpotevu, nikaenda moja kwa moja kwa yule kaka mkubwa. Tunamhubiri mara chache, maana wengi wetu tulio kanisani ndio yeye. Kaka mkubwa anasema mambo mawili kwa pumzi moja. Anahukumu: huyu mwana wako amekula vitu vyako pamoja na makahaba. Na anahusudu: mimi hujanipa hata mwana-mbuzi nifurahi na rafiki zangu, yeye umemchinjia ndama aliyenona. Usafi wa nyumba ya baba umesimama mbele, lakini kilichomtoa machozi ni ndama. Na kama ndama asingechinjwa, kama mdogo wake angepokelewa kimya na kupewa kazi zizini pamoja na watumishi, kama mwenyewe alivyokuwa amekusudia kuomba, kaka mkubwa angeingia ndani akala chakula chake cha jioni bila neno.

Mambo haya mawili yamekwenda pamoja hata pale palipotuuma zaidi. Injili inasema Pilato alijua kwamba wakuu wa makuhani wamemtoa Bwana Yesu kwa husuda. Mashtaka yaliyosomwa yalikuwa ya kufuru na ya kupotosha taifa, maneno mazito ya watu wanaoilinda dini. Yule Mrumi, ambaye hakuwa wa imani yao, aliwaangalia usoni akaona kijicho. Tangu niliposoma mistari ile kwa makini, nikimsikia mtu analilia sana utakatifu wa kanisa kwa habari ya mtu mmoja, huwa nangoja nisikie kama atataja na mali yake.

Nisieleweke vibaya kuhusu yule mama wa mnadani. Namfahamu, si mtu mbaya. Mumewe yuko mbali na fedha hazitumwi. Naye aliwahi kujifunza kushona akiwa msichana, akaolewa, mambo yakaishia hapo. Kila akipita njia panda anaona alichokitaka yeye kikiendeshwa na mtu ambaye hakufuata taratibu ambazo yeye alizifuata zote. Hayo ni maumivu ya kweli. Aliolewa kanisani, amelipa ahadi zake, amepamba madhabahu, na hakuna aliyemchinjia hata mwana-mbuzi. Ukimwambia tu aache wivu, utakuwa umemhukumu na yeye, na utakuwa umeongeza mmoja kwenye idadi ya wanaohukumiwa.

Ndiyo maana napenda kwamba baba wa Luka 15 alitoka nyumbani mara mbili siku ile. Alikimbia kumlaki mdogo akiwa bado mbali. Kisha, karamu ikiendelea, ngoma zikilia, mwenye karamu aliwaacha wageni akatoka nje kumsihi mkubwa. Hakumkemea. Alimwambia, mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote, na vyote nilivyo navyo ni vyako. Rehema ilikuwa na njia mbili za kwenda, na baba alizitembea zote kwa miguu yake.

Nimeliona hilo likifanyika, na lilifanywa na mtu ambaye si wa usharika wetu. Pale njia panda, mkabala na fremu ya binti, yuko fundi mzee aliyeshona kwenye kibaraza hicho tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Ni Mkatoliki, hana cheo chochote kwenye kigango chao, rozari yake huitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kununa, ni yeye. Wateja wake wa vitenge walivuka barabara mmoja mmoja, na wengine walivuka wakiwa na vitambaa ambavyo walishampa avikate. Kila siku aliwaona.

Januari moja alipata tenda ya sare za shule, mashati na sketi. Asubuhi akavuka barabara yeye mwenyewe, akamwambia binti, "Mwanangu, sketi chukua wewe, mashati nibaki nayo mimi." Kisha akakaa kwenye fremu ya yule binti nusu siku kumwonyesha marinda. Nilikuwa pale nimepeleka khanga zangu kupindwa, nikaona. Unapima kwa chaki juu na chini, unakunja, unashikiza kwa uzi wa mkono, unatandika kitambaa kilicholowa maji na kupiga pasi ya mkaa mpaka mvuke uishe, ndipo unaunga na mkanda wa kiuno. Ukiruka pasi, alisema, mama wa mtoto akifua mara ya kwanza marinda yanafunguka yote, na yeye hatarudi. Yule binti alikuwa amejifunza magauni mjini, marinda ya shule hakufundishwa. Mzee alimpa siri ya kazi iliyokuwa imemlisha yeye miaka yote.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kama hakuona uchungu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, nimeuona sana. Nikaanza kumtaja kwenye sala za asubuhi, jina lake na la mtoto. Sasa nikimwombea asubuhi halafu mchana nimkatie riziki, ile sala nampelekea nani?"

Akanikumbusha jambo la katekisimu yao ambalo mimi sikulelewa nalo. Wana matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho, na kuwaonya wakosefu wanalihesabu humohumo, katika yale ya roho. Lilinigusa sana hilo, kwamba kuonya kumewekwa safu moja na kuwafariji wenye huzuni na kusamehe makosa, na katika yale ya mwili wamo wenye njaa wanaolishwa na walio uchi wanaovikwa. Basi anayetaka kumwonya binti na aje na unga mkononi, au kipande cha kitambaa cha mtoto, ajulikane amekuja kwa kazi gani.

Yule fundi ananifanya nimfikirie Yonathani. Katika 1 Samweli 18 wanawake waliimba kwamba Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, na Sauli akamwonea Daudi wivu tangu siku ile. Sauli alikuwa mfalme tayari, wimbo ule haukumpunguzia kitu. Aliyekuwa anapoteza kweli ni mwanawe Yonathani, kwa kuwa kiti kilikuwa kinakwenda kwake. Na Yonathani ndiye aliyevua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Watu wawili wa nyumba moja, mbele ya kijana mmoja anayeinuka: mmoja ameshika mkuki, mwingine anavua joho. Biblia inasema Yonathani alimpenda Daudi kama roho yake mwenyewe, na sioni maelezo mengine yoyote.

Kazi ya sare ilipozidi, ni fundi huyohuyo aliyesema yule mama wa mnadani anajua kushona, aitwe atie vifungo. Binti akasita, na ninamwelewa. Lakini alimtuma mtu amwite, na mama akaja, baada ya siku kadhaa. Analipwa kwa shati. Hawajakumbatiana wala hakuna aliyeomba radhi mbele ya watu, na yaliyosemwa bado yamesemwa. Wanaulizana uzi na vifungo. Juzi nilipita nikamkuta mama amempakata yule mtoto huku anapitisha sindano, na binti hakuwa na wasiwasi.

Kwa hiyo, ndugu yangu msomaji, sidhani tumelegea. Penye kumhukumu mwanamke peke yake bado tumekaza sana. Tulikolegea ni kwenye kwenda. Mathayo 18 inasema ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Kanisa linaambiwa mwisho, baada ya hatua mbili kushindikana. Sisi tunaanzia kwenye kipaza sauti. Nani kati ya wazee wale alikwenda nyumbani kwa yule binti kabla jina lake halijasomwa? Na matangazo yetu yenyewe yana kasoro nyingine. Kila Desemba, ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, magari yamejaa vichochoroni, tunafanya harambee na kusoma majina na viwango, fulani laki tano, fulani elfu kumi. Huyu anatazamwa hivi, yule vile, na mpaka Krismasi inapita tumeshajua nani amemzidi nani. Bwana Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Jumla peke yake ingetosha kusomwa.

Hayo ya harambee yanaweza kusubiri. Lile la kwanza haliwezi, maana binti mwingine yuko kwenye njia hiyohiyo sasa hivi, na wazee tumeshaanza kusikia minong'ono. Kikao kijacho nitaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba wazee wawili wataanza kwa kumtembelea nyumbani, na kwamba shauri la mimba halitasikilizwa barazani ikiwa aliyeitwa ni mmoja. Nawaomba wazee wa sharika nyingine wanaosoma gazeti hili walipeleke na kwao. Na nawaomba wanaume waliomo kwenye mabaraza hayo walitoe wao wenyewe, kwa sababu tukilitoa sisi wanawake linaitwa kelele.

Mwalimu mstaafu,
Moshi Vijijini
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba lisichapishwe kwa ajili ya kumsitiri binti.)